Gari Lililovaa Matanga

Mwaka ule gari la baba lilikuwa likivuja mafuta kwenye magurudumu ya nyuma, na nyumbani kwetu Kasongo hatukuwa na habari nyingine. Watu wengine wakiamka huulizana usingizi ulikuwaje. Sisi tuliamka tukaenda kuchungulia chini ya gari. Mchanga ukiwa mkavu, mama alisema asante Mungu akaenda kuwasha moto. Ukiwa na doa jeusi chini ya gurudumu, hakusema kitu, na uji wa siku hiyo ulinuka moshi.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mvua zikiwa zinaishia, njiani kwenda Kabambare. Alizikwa huko huko kwa wakwe zake, maana kwa barabara ile huwezi kumrudisha maiti. Kaka yangu alikwenda kuzika kwa pikipiki, na kiangazi kiliposhika akamrudisha mama kwa lile gari. Sasa mwaka ulikuwa unatimia na wajomba walikuwa wamekubaliana siku ya kuondoa matanga: sala kaburini, chakula cha watu wote, mjane anyolewe nywele, avuliwe kitambaa cheusi, arudishwe kuwa mtu kati ya watu. Bila mjane hakuna matanga ya kuondoa. Asipofika, angekaa na kitambaa kile mwaka mwingine, na mimi nilikuwa nimeshaona jinsi alivyoanza kufanana nacho.

Huku kwetu kila mtu husafiri kwa pikipiki. Mama hakuweza. Aliwahi kuanguka akavunjika nyonga, ikaungana vibaya, na kupanua miguu juu ya kiti cha pikipiki kulimtesa. Lakini tusidanganyane, hata nyonga ingekuwa nzima asingepanda.

"Nilienda na yeye ndani ya gari ile," alituambia. "Nitaenda kumutoshea kilio, kumuondolea matanga, ndani ya gari ile. Kama haiendi, na mimi siendi. Mutawaambia wajomba zenu wale chakula yao."

Gari lenyewe lilikuwa jeep ya zamani, limenizidi umri, milango miwili imefungwa kwa waya. Baba alilitumia kupeleka chumvi, sabuni na vitambaa upande wa Wamaza na Kabambare, akarudi na mpunga, karanga na mapipa ya mawese. Alipita mahali ambapo wenye magari mapya walipatazama wakageuza. Na siku zote mama alikaa kando yake. Safari zile zilikuwa zao wawili. Sisi watoto tuliachwa kwa bibi, tukaijua karanga iliyokuja na gari, ila namna gari lilivyofika kwetu hatukuijua. Nililiona kama jambo dogo wakati ule.

Ekseli ya nyuma ina mafuta mazito ndani yake, na kila upande kuna pete ya mpira yenye mgongo wa chuma inayoyazuia yasitoke kwenda kwenye gurudumu. Mafundi wetu huiita spi. Spi ikichoka, mafuta hupenya, huingia kwenye breki, na breki zenye mafuta ni sawa na kutokuwa na breki. Kati ya Kasongo na Kabambare kuna miteremko ambayo hata mtu wa miguu huiteremka kwa kupinda magoti. Kwa hiyo doa lile chini ya gurudumu halikuwa uchafu tu.

Kaka ni fundi wa pikipiki, tena fundi mzuri, nalisema ingawa ni ndugu yangu na ana mdomo. Mimi nauza vitambaa sokoni, na kila nilipofuata mali Kindu nilizunguka maduka ya vipuri nikiwa na spi kuukuu ndani ya mfuko wa nailoni, nikilinganisha. Nilileta jozi ya kwanza. Kaka akainua gari kwa jeki, akaliweka juu ya magogo, akavua magurudumu, akavua ngoma za breki. Vitambaa vya breki vilikuwa vimelowa vikang'aa kama samaki wa kukaanga. Alichomoa mhimili wa gurudumu, akang'oa spi kuukuu kwa bisibisi iliyopinda, akaipaka mpya grisi kwenye mdomo wake, akaigongea taratibu kwa kipande cha bomba, akigonga huku na huku isiingie upande. Vitambaa vya breki akavikaanga juu ya moto wa kuni mpaka mafuta yakatoka yakilia. Nilikaa pale nikimpa vyombo. Kazi ilikuwa safi.

Kitu kimoja tu hakikuwa safi, nacho ni gari lenyewe. Mama alikataza lisioshwe. Matope yale yalikuwa ya safari ya mwisho ya baba, yamekauka toka chini mpaka kwenye madirisha, na mama alisema hayatatoka kabla matanga hayajaondolewa. Yeye mwenyewe hakunyoa nywele wala hakusuka, na gari nalo liliwekwa kwenye msiba vivyo hivyo. Majirani waliona ni sawa. Mimi pia niliona ni sawa. Kaka alifuta kwa kitambaa chenye esansi, yaani petroli, pale tu alipohitaji kufungua, mengine yote akayaacha na ngozi yake ya udongo.

Tuliliendesha mpaka kanisani na kurudi. Kesho yake mchanga ulikuwa mkavu, mama akashukuru. Tukaliendesha mpaka njia ya Nyangwe, mbali kidogo, na kesho yake doa lilikuwepo pande zote mbili.

"Ulinunua spi gani?" kaka akaniuliza.

"Ile ile uliyoniagiza."

"Hii ni ya bandia. Wewe unapenda bei ya chini, ninakujua."

Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Hakupenda. Lakini nilileta jozi ya pili, safari hii kwa mfanyabiashara aliyekuja kutoka Bukavu, aliyeniapia kwa watoto wake wote. Kaka akarudia kazi yote tangu mwanzo. Alipitisha kidole kwenye mhimili akitafuta mkwaruzo, akausugua kwa msasa mwembamba mpaka ukawa laini kama kioo. Jirani mmoja, mzee mwenye ushauri kwa kila gari lisilo lake, akasema tuongeze mawese ndani ya ekseli, ni mazito, hayatavuja. Mama akamjibu toka jikoni kwamba mawese ni ya kupikia mboga ya sombe.

Mafuta yakavuja tena.

Hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Kaka alisema mbele ya mama kwamba nimekula pesa ya spi. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia mkono wake umezoea pikipiki, kwamba anagonga spi kama mtu anayepigilia jeneza, na kwamba baba angekuwepo asingemruhusu hata kuligusa lile gari. Neno la mwisho lilimchoma, nikaona limemchoma, na bado nilikuwa na hasira. Aliweka vyombo ndani ya sanduku akaenda kwake. Siku nyingi zilipita tukisalimiana kupitia mtoto wake.

Wajomba walipiga simu. Mihogo imeshalowekwa, walisema, mbuzi amepatikana, mupange safari. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, akaniangalia mimi. Nilikuwa nikimwogopa mama siku zile kuliko wakati wowote wa utoto wangu. Hakugombeza. Alikaa barazani na kitambaa chake, mkono kwenye nyonga, uso ameuelekeza kwenye gari.

Nilikwenda kwa kaka nikamwambia siji kwa ajili yako, nimekuja kwa ajili yake. Akasema na yeye harudi kwa ajili yangu. Tukaelewana hivyo. Akatia mafuta, akakaanga tena vitambaa vya breki, akasema tukalijaribu gari kwa mara ya mwisho, liende mbali lipate moto, tuone linavujia wapi hasa. Labda, alisema, ekseli yenyewe imepasuka.

Mama akasema anapanda. Hatukuweza kumkatalia. Tulikwenda vizuri, gari likinguruma kama zamani, mama kiti cha mbele ameshika mfuko wake magotini. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko ulio juu ya soko, kaka akakanyaga breki na gari halikusikia. Akakanyaga tena, gurudumu moja likashika na jingine likaendelea, tukapinda, tukaenda upande upande kuelekea kwa akina mama wa mihogo. Niliwaona wakiruka. Kaka aliliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, likakwaruza, likasimama likiwa limekanyaga kikapu cha mtu. Hakuna aliyeumia. Akina mama walitutukana kwa haki yao yote. Mama alikuwa ametulia kabisa, na utulivu wake ndio ulionitisha.

Tulilirudisha nyumbani kwa gia ndogo, polepole. Kaka alishuka, akafunga mlango kwa waya, akasimama mbele ya mama.

"Mama, miye sitakupeleka na hii. Nitakuua. Hata ukilia, sitakupeleka."

"Sijalia," mama akasema.

"Basi sikia. Kama tungeiosha, ningeweza kuona pahali inapasuka. Na haya matope yote sioni kitu. Chagua, mama. Ao matope, ao safari."

Nilidhani atamfukuza. Mama aligeuka akatazama matope. Kisha akaniambia nimletee kigoda, ndoo ya maji na gunzi la mahindi. Nikataka kusaidia. Akasema hapana, huyu mume ni wangu. Akaburuta kigoda mpaka nyuma ya gari, akaketi na nyonga yake ile, akaanza kuosha kwa mkono wake, akianzia kwenye bampa. Maji yalitoka mekundu yakapita katikati ya uwanja. Niliona anavyosugua sehemu, anaimwagia, anaigusa kwa kiganja, anahamia nyingine, na nikajua kwamba nimeshaona mikono ile ikifanya kazi namna hiyo, siku walipomwosha baba. Nilisimuliwa tu, sikuwepo. Lakini niliiona.

Alipomaliza nyuma, akapitisha mkono juu ya ekseli, kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mkono ulikwenda wenyewe, haukutafuta. Ukasimama.

"Mama?" kaka akaita.

Bega lake lilizunguka kidogo, akavuta. Gari likatoa pumzi ndefu, fssss, kama mtu aliyebana kifua tangu zamani, na matone ya mafuta yakaruka. Mama akautoa mkono. Kiganjani alikuwa na kipande cha mti wa mpera, kifupi kama kidole gumba, kimechongwa vizuri na kuzungushiwa mpira wa tyubu.

Alikiangalia hivi kwamba nikafikiri atakitia mdomoni.

"Baba yenu alikuwa anasema gari iko na pua," akaanza. Alizungumza na kile kizibo, si na sisi. "Iko na pua pale juu, inapumua. Tukifika kwenye maji, anashuka, anaiziba, ili maji isiingie ndani ya mafuta. Tukivuka, miye ninashuka, ninatosha kizibo, ninaivuta inje. Yeye mugongo ilikuwa inamuuma, hakuweza kuinama mara mbili. Ile ilikuwa kazi yangu. Miaka yote ile. Alikuwa anakaa kwenye kiti, ameshika volani, anasema, mama, hatujavuka mpaka weye utoshe."

Kaka alikuwa amechuchumaa. Alikuwa ameshaelewa upande wa chuma, nilimwona akielewa. Ekseli ikizunguka hupata moto, hewa ya ndani huvimba, na isipokuwa na pua ya kutokea itatafuta penye udhaifu, yaani kwenye mdomo wa spi, na kuyasukuma mafuta nje. "Hata ungeleta spi ya dhahabu," alisema. Alilisema akitazama chini, lakini mimi ndiye niliyekuwa namletea spi, kwa hiyo nililichukua kuwa langu.

Nikiri kwamba kwa dakika moja nilifurahi. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie kwamba spi zangu zilikuwa nzuri. Ndipo nikamwona mama usoni.

"Siku ile tulivuka vizuri," alisema. "Maji ilikuwa mingi, lakini tulivuka. Akazima moteri. Akaweka kichwa juu ya volani. Nilifikiri anapumuzika. Nikamwambia, subiri nishuke nitoshe. Hakujibu. Basi sikushuka. Nilishika kichwa yake."

Kaka akasema, "Mama, ni kipande ya muti tu."

"Nilikuwa na kazi moja," mama akasema. "Mwaka muzima baba yenu iko ndani ya maji, na miye ninakaa hapa ninachunga matope."

Tulikuwa tumepata dawa ya gari na kumpoteza mama. Kaka alibadilisha spi kwa mara ya mwisho, maana zile za zamani zilikuwa zimeshapinduka midomo kwa ile presha, nikampa vyombo, tukaongea kidogo. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Siku moja alileta kichana cha ndizi akakiacha mlangoni kwangu, na kwa mtu kama yeye hiyo ni barua nzima. Gari likaenda mbali likarudi, mchanga ukakaa mkavu. Mama hakwenda tena kuchungulia. Alisema hana uso wa kwenda Kabambare. Mjane anayekwenda kuondoa matanga, alisema, awe amemfikisha mtu wake. Yeye hakumfikisha. Alimwacha katikati ya maji, na sasa aende akanyolewe, akapakwe mafuta, ale mbuzi?

Tulimletea katekista. Alimweleza kwamba roho haisubiri kizibo. Mama alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha chakula, na alipoondoka akarudi kukaa barazani na kile kipande cha mti mkononi.

Niseme ukweli, nilichoka. Sina subira, sikuzaliwa nayo, na nilimpenda baba pia, jambo ambalo watu hawakuniuliza mwaka ule mzima. Nilitoka sokoni jioni ile na joto kichwani, nikamkuta pale pale, nikasimama mbele yake bila hata kusalimia.

"Mama, kama kazi ilibaki, ilibakia wapi? Hapa barazani?"

Akaniinulia macho.

"Ilibakia kule kwenye maji. Sasa unakaa hapa kufanya nini? Twende umalize kazi yako."

Niliogopa mara tu maneno yalipotoka. Hakuna aliyekuwa anamsemesha hivyo isipokuwa baba. Lakini aliendelea kunitazama, na kitu fulani usoni kikasogea kidogo, kama mtu anayesogeza kigoda kumpa mwingine nafasi.

"Mwambie yaya yako aangalie magurudumu," akasema. Yaya, kwetu, ni ndugu mkubwa.

Safari ilikuwa mbaya kama kawaida yake. Tulisukuma, tulitandika miti, tulilala kwa watu tusiowajua waliomkumbuka baba kwa chumvi yake. Kaka alishuka kila baada ya mteremko kugusa magurudumu, kisha ananionyesha vidole vikavu. Mama kiti cha mbele, kizibo ndani ya mfuko. Tulivuka vijito vidogo na hakukitoa. Nilidhani amebadili nia, sikuthubutu kuuliza.

Halafu tukafika kwenye maji yale, na nikajua ndiyo yenyewe, kwa sababu aliweka mkono juu ya mkono wa kaka na gari likasimama. Hapakuwa na alama yoyote. Daraja la magogo lililoanguka, mti mmoja wa kupitia watu wa miguu, maji ya rangi ya chai. Kilikuwa kiangazi, yalikuwa hayafiki hata katikati ya magurudumu. Hatukuhitaji kuziba chochote. Mama akamkabidhi kaka kizibo, naye akashuka, akainama nyuma ya gari, akaziba.

Tukaingia. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia nikashika chuma. Maji yalipiga chini ya sakafu, tukayumba, tukapanda ng'ambo ya pili, kaka akazima injini. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri. Alishusha pumzi, akainamisha paji la uso juu ya usukani.

"Yaya, inua kichwa!" nikapiga kelele.

Akainua haraka, akageuka kunitazama, akaelewa. Mama alikuwa ameshafungua waya wa mlango. Kaka akataka kushuka amshike, mama akamkataza kwa mkono. Akashuka mwenyewe, mguu mzuri kwanza, akalishikilia gari akalizunguka, kiganja hakikubanduka kwenye bati. Nyuma akainama. Kwa ile nyonga ilimchukua muda mrefu, na sisi wawili tulisikiliza maji.

Kisha tukasikia gari linapumua. Pumzi fupi tu safari hii.

"Baba ya watoto," mama akasema kule nyuma, kwa sauti ya mtu anayemjibu aliyekaa kwenye usukani. "Nimetosha. Tumevuka."

Kaka aliweka mkono kwenye ufunguo, lakini hakuwasha mpaka mama alipokaa.